Mtoto Akiuliza Kuhusu Mawe



Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo. Kama uko kwa matatu, soma ukifika. Kama uko nyumbani, weka chai karibu. Nataka kukusimulia safari ya nusu siku, na ndani ya safari hiyo kuna toba yangu. Watu wawili inaowahusu wamenipa ruhusa kuandika. Majina yao sitayataja, na nakuomba usiyatafute.

Jumamosi ya juzi nilikuwa Olorgesailie na watoto wetu wakubwa wa shule ya Jumapili. Wengi wenu hamkujua, maana hata mimi sikujua. Walimu walikuwa wamepanga safari yao vizuri, basi dogo limelipiwa, mandazi yamekaangwa. Ijumaa usiku mwalimu mmoja akapatwa na homa. Walihitaji mtu mzima wa kujaza nafasi. Mama mchungaji akaniangalia. Mnamjua akiangalia mtu. Nikatafuta kofia.

Lakini nikwambie ukweli, moyo wangu haukutaka kwenda. Haikuwa joto la barabara ya Magadi. Kule kuna visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka kuwa jiwe, na kuna mawe yanayosemekana kuchongwa na watu wa zamani sana. Mambo hayo nimeyakwepa kwa miaka mingi. Mwaka 2006, wakati baadhi ya viongozi wa makanisa hapa Kenya walipopinga namna Makavazi ya Taifa yangeonyesha mifupa ya Mvulana wa Turkana, ile iliyopatikana mwaka 1984, nami nilihubiri juu ya jambo hilo. Nilihubiri kwa sauti kubwa. Mifupa yenyewe sikuwa nimewahi kuiona.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Rongai, Kiserian, halafu barabara inapanda mpaka Kona Baridi, na jina hilo halidanganyi. Upepo uliingia, watoto wakafunga madirisha na kuvaa masweta. Ukishapita hapo, mpendwa, nchi inafunguka mbele yako ghafla. Bonde la Ufa lote liko chini, mlima nyuma ya mlima, mpaka macho yanachoka. Watoto waliokuwa wakiimba walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Halafu barabara inashuka, inashuka, masikio yanaziba, masweta yanavuliwa moja moja. Kufika Olorgesailie, kama kilomita 70 kutoka Nairobi, kila mtu alikuwa anatafuta kivuli.

Mwelekezi wetu alikuwa kijana mpole mwenye fimbo. Kabla hatujaanza kutembea alitusimamisha akasema, "Hapa mlipo mlikuwa ndani ya ziwa."

Tulitazama chini. Vumbi tupu, miiba, na udongo mweupe kama unga. Akaeleza kwamba weupe ule unaitwa daiatomaiti, na umetokana na maganda ya viumbe vidogo vya majini, vidogo hata jicho haliwezi kuona kimoja kimoja. Viliishi ziwani, vikafa, maganda yakazama na kurundikana. Ziwa likaja likakauka, na kilichobaki ni ule udongo tuliokuwa tunaukanyaga. Halafu akanyoosha fimbo kwa ule mlima uliosimama karibu nasi, Mlima Olorgesailie wenyewe. Akasema ni volkeno iliyozimika, na kwamba watu waliokaa kando ya ziwa walichukua mawe yao ya kuchonga huko kwenye miamba, wakayabeba mpaka hapa.

Tukaenda kuona mfupa wa mguu wa tembo wa aina isiyokuwepo tena duniani. Ni mkubwa kiasi kwamba mvulana mmoja alijipima nao akacheka. Tukasikia habari za nyani wakubwa wa zamani ambao masalia yao yalipatikana hapo kwa wingi, na za kipande cha fuvu la mtu wa kale kilichopatikana mwaka 2003. Kisha tukapanda juu ya daraja la mbao linalopita juu ya mawe yenyewe.

Sijui nikueleze vipi. Ni mamia ya mashoka ya mawe. Yamelala chini pale pale yalipopatikana, mengine makubwa kuliko kiganja changu, yamechongwa pande mbili mpaka yakawa na umbo la tone la maji. Hayahitaji mtu akuambie yametengenezwa. Unaona. Jiwe moja lingekuwa bahati, lakini mamia ya umbo moja ni kazi ya mikono.

Mwelekezi akachukua mawe mawili ya kawaida pembeni, akagonga moja kwa jingine mara tatu. Kipande chembamba kikaruka. Akakitumia kukata jani, likakatika kama kwa wembe. Watoto wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia mkono wake na kufikiria yule wa kwanza aliyekaa hapa, akichagua jiwe, akilizungusha, akikosea, akitupa, akianza tena.

Akatueleza na historia ya mahali penyewe. Mjiolojia mmoja Mwingereza, J. W. Gregory, aliona mawe haya mwaka 1919. Mwaka 1942 Mary Leakey na mumewe Louis walifika, wakakuta rundo hili kubwa, wakachimba. Mwaka 1947 pakafunguliwa kwa wageni. Hapo akasema jambo lililonisimamisha: huyu Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa mmishonari. Baba yake ni mmoja wa waliofanya kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kikuyu.

Wapendwa, nilishika ule ukingo wa mbao. Miaka yote nilidhani waliochimba mifupa wametoka upande wa adui. Kumbe mtoto huyu alikulia kwenye nyumba ya mchungaji, anasikia maombi asubuhi na jioni.

Mtoto mmoja akauliza, "Mnajuaje ni ya zamani kiasi gani?" Swali zuri. Mwelekezi akaonyesha tabaka za udongo kwenye ukuta wa shimo, nyeupe, kijivu, nyeupe tena. Akasema zile za kijivu ni majivu ya volkeno. Ndani ya majivu kuna chembe zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo unaojulikana. Wataalamu wakipima agoni iliyokusanyika, wanahesabu majivu yalianguka lini, na jiwe lililo kati ya tabaka mbili za majivu umri wake uko katikati ya hizo mbili. Kwa kipimo hicho wanasema tabaka za hapa zenye mashoka haya zinaanzia takriban miaka milioni 1.2 iliyopita na kufika karibu miaka 500,000 iliyopita.

Kimya. Basi hapo ndipo binti mmoja wa miaka kumi na moja alipogeuka. Hakumgeukia mwelekezi. Alinigeukia mimi.

"Pastor, Adamu aliishi kabla ya haya mawe au baada?"

Walimu wakanitazama. Watoto wakanitazama. Mwelekezi, Mungu ambariki, akatazama viatu vyake.

Na nilisikia maneno ya zamani yakipanda kooni. Nayajua maneno hayo, kwa sababu niliwahi kuyatumia.

Ni miaka kumi na moja sasa. Jumatano jioni, funzo la Biblia. Kijana wa kidato cha kwanza akainua mkono. Shuleni walikuwa wanasoma historia, mada ya binadamu wa kale, na Olorgesailie ilikuwa kwenye kitabu chake pamoja na picha za mashoka haya haya. Aliuliza kwa adabu, karibu swali lile lile la binti huyu. Alikuwa ameliandika kwenye daftari ili asikosee kulisoma.

Sikumjibu. Nilimwita mbele. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake na kukemea roho ya shaka. Nilikemea kwa nguvu, kanisa likasema amina, wengine wakasimama. Daftari lilimwanguka mkononi. Nakumbuka hilo kwa sababu nililiona na sikuinama.

Alikuja Jumapili mbili zaidi, akakaa nyuma. Halafu hakuja tena. Aliondoka na watu wawili watatu wa rika lake.

Mama yake hajakosa kanisani mpaka leo. Kila mkesha wa mwaka mpya anaweka kikaratasi chake kwenye kikapu cha maombi, na kila mwaka kina jina lile lile. Nami nimekuwa nikikiinua kikaratasi hicho mbele za Bwana, nalia nacho, naamuru adui amwachilie mtoto. Mpendwa, kila mwaka. Na kila mwaka nilijua ni nani aliyemfukuza.

Sasa niko juu ya daraja la mbao, jua la saa nne linachoma, na Mungu amenirudishia swali lile kwa mdomo wa mtoto mwingine.

Nikamwambia, "Hilo ni swali zuri sana. Biblia inaniambia nani aliumba, na kwamba mimi na wewe tumeumbwa kwa mfano wake. Hilo naliamini na nitakufa nikiliamini. Tarehe haikuniandikia. Wanaopima majivu wanapata miaka mingi kuliko ile niliyofundishwa nikiwa kijana. Bado sijaweza kuviweka viwili hivyo pamoja vikakaa vizuri. Lakini siogopi kwamba Mungu atashindwa na jiwe. Jiwe ni lake."

Akafikiri kidogo. Akauliza, "Ukijua utaniambia?"

Nikasema, "Nitakuambia."

Akasema, "Sawa," akarudi kula mandazi.

Ni hivyo tu. Mbingu hazikuanguka. Hakuna mtoto aliyepoteza wokovu wake juu ya lile daraja. Kwa kweli, tulipokaa chini ya mti kunywa chai, watoto ndio walioomba tuombe, na huyo binti ndiye aliyemshukuru Mungu kwa tembo mkubwa.

Kwenye basi, tukipanda tena kuelekea Kona Baridi, nilifungua Yoshua sura ya 4. Fungua na wewe baadaye, soma sura nzima. Israeli wamevuka Yordani. Mungu anaagiza wanaume kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, kila mmoja abebe jiwe begani kutoka katikati ya mto. Yoshua anayasimamisha Gilgali. Nimehubiri sura hiyo labda mara ishirini. Kila mara nimehubiri ule muujiza wa maji.

Siku hiyo niliona kitu kingine. Mungu anasema yale mawe yamewekwa ili watoto waulize. Watoto wenyewe wengi walikuwa hawajazaliwa, na Mungu tayari ameshawatayarishia swali. Anajua mtoto akiona rundo la mawe atamvuta baba nguo na kuuliza ni ya nini haya. Na agizo kwa baba ni nini? Ajibu. Amweleze. Sikuona mahali popote katika sura ile ambapo baba anaambiwa amkemee mtoto.

Halafu mkumbuke Tomaso, Yohana sura ya 20. Alisema wazi hataamini mpaka aone na aguse. Yesu alimngoja siku nane, akaja tena, akamnyooshea mikono yenye makovu. Hakumwita mbele ya wengine kumtoa pepo. Alimpa cha kugusa.

Mimi nilimpa kijana wa kidato cha kwanza kelele.

Jumamosi jioni nilikwenda kwa mama yake. Nilimweleza yote, kuanzia daftari. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Pastor, mimi nilikuwepo siku ile. Nami nilisema amina." Tukalia wote wawili. Akanipa namba.

Jumapili baada ya ibada nilipiga. Nilipotaja jina langu akasema, "Najua sauti yako, Pastor." Sasa ni mtu mzima, ana kazi yake, ana heshima zake. Nikamwambia nilimkosea. Nikamwambia, "Uliniuliza swali nikakujibu kana kwamba una pepo. Hukuwa na pepo. Ulikuwa na kitabu cha historia." Nikamwomba msamaha bila kuongeza lakini.

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Siku ya pili yake nilirudi kuchukua daftari. Nilikuta kanisa limefungwa."

Wapendwa, sikuwa na neno. Bado sina.

Najua mnangoja niseme amerudi, ameokoka upya, yuko kwaya. Sitawadanganya ili ujumbe upendeze. Hajarudi. Hajasema atarudi. Amesema tunaweza kukutana tunywe chai, na kwamba ana maswali mengine zaidi ya lile. Nimemwambia ayaandike yote. Nimenunua daftari jipya, nitampelekea.

Sasa nisikize wewe unayesoma, maana nimeandika haya kwa ajili yako.

Kwanza, mzazi. Mtoto wako anayeuliza maswali magumu juu ya imani hajakuasi. Amekuamini. Mtoto aliyekata tamaa na wewe hakuulizi, anaenda kuuliza simu. Siku atakapouliza juu ya visukuku, au juu ya mateso, au kwa nini bibi alikufa tukiwa tumeomba, kaa chini. Unachojua, mwambie. Usichojua, sema hujui na mtafute pamoja. Ukisema hujui hutapoteza heshima yako mbele yake. Niliogopa hilo miaka mingi na nilikosea.

Pili, mtumishi mwenzangu. Tuwe waangalifu na mamlaka tuliyopewa. Mkono uliowekwa kichwani mwa mtu una uzito. Pepo wapo, sijabadilika hapo, na kwa jina la Yesu wanatoka. Lakini si kila kitu kinachotutisha madhabahuni ni pepo. Kingine ni mwanafunzi aliyesoma sura ambayo sisi hatujasoma. Kabla ya kuhubiri juu ya jambo, nenda ukalione. Ni nusu siku tu. Mimi ilinichukua miaka.

Tatu, wewe uliyeondoka. Labda uliuliza ukanyamazishwa. Labda ulichekwa. Labda jina lako liko kwenye kikaratasi cha mama yako mahali fulani. Aliyekufanyia hivyo pengine hatakupigia simu kamwe, kwa hiyo nasimama badala yake: pole. Tulikukosea. Swali lako halikumkosea Mungu. Alikujua unaliuliza kabla hujajifunza kusema, kama alivyowajua wale watoto wa Gilgali. Mlango ukiukuta umefungwa kwetu, usidhani ni yeye aliyefunga.

Watoto wameshaanza kuuliza tunarudi lini Olorgesailie. Wanataka safari ijayo wapande mlima wenyewe, na hiyo itakuwa siku nzima, sio nusu. Wazazi, jiandaeni kwa michango, na pia kwa maswali. Wataleta mengi nyumbani. Nami nitakuwa ndani ya basi, safari hii kwa hiari yangu.

Tuombe.

Baba, wewe uliyekuwepo kabla milima haijasimama, tunanyenyekea. Tusamehe kwa kila mtoto tuliyemnyamazisha kwa jina lako. Tupe masikio kabla ya midomo. Warudie wale walioondoka na maswali yao mkononi, uwaonyeshe makovu yako kama ulivyomwonyesha Tomaso. Fundisha nyumba zetu kujibu kwa upole. Na pale tusipojua, tusione haya kusema hatujui, maana wewe unajua. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Kama kuna mtu uliyemnyamazisha, usiandike amina kwanza. Mpigie. Halafu urudi hapa uandike.

Mchungaji wako anakupenda. Tuonane Jumatano, funzo la Biblia saa kumi na mbili jioni. Lete swali lako.